Kitenzi katika Kemia: Maandalizi ya Mwanafunzi wa Uzamili kwa Mfano wa Kivuko cha Kamanga

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wapo walioamini kwamba sehemu ngumu ya kazi imekwisha. Imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Tume ya Makweta ilikwishapendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari na vyuo vikuu, na hoja mojawapo ya waliopinga ilikuwa uhaba wa istilahi. Makala haya hayakusudii kuufufua mjadala huo wa sera. Yanahoji jambo dogo zaidi: mwanafunzi anayejiandaa kwa kozi ya uzamili ya kemia-kaboni ya kifizikia anaweza kusaidiwa na nini katika Kiswahili? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba nomino humsaidia kidogo, vitenzi humsaidia zaidi, na wanaisimu wamekuwa wakimpa nomino.

Tawi hilo, ambalo jina lake lilienea kutokana na kitabu cha Louis Hammett cha mwaka 1940, huchunguza uhusiano kati ya muundo wa molekuli na kasi pamoja na njia ya mmenyuko. Haliridhiki kujua ni zao gani lililopatikana. Huuliza lilipatikanaje, kwa hatua ngapi, na ni hatua ipi iliyozichelewesha nyingine. Mwanafunzi aliyefaulu shahada ya kwanza kwa kukariri huumbuka hapa. Anaweza kuchora mstari wa mlinganyo wa Hammett wa mwaka 1937 na kupima mwinamo wake, lakini akiulizwa mwinamo ulio chanya una maana gani, hunyamaza. Kumbe jibu ni sentensi moja: mmenyuko huo huharakishwa na vikundi vinavyovuta elektroni, kwa kuwa chaji hasi huongezeka kwenye kitovu cha mmenyuko molekuli zinapopanda kuelekea kilele cha nishati. Asiyeweza kuitamka sentensi hiyo kwa lugha anayoifikiria hajaielewa, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Mfano wa ukanda wa Ziwa Victoria unaweza kulifafanua jambo hili. Msafiri anayetoka Mwanza mjini kwenda Sengerema kwa njia ya Kamanga huvuka kwanza Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Ng'ambo, pale Kamanga, hushuka, pengine akanywa chai, kisha hupanda gari kuendelea na safari. Hatua ya kwanza ndiyo ya polepole: ina foleni, ina ratiba, ina hali ya ziwa. Sasa wenye magari wakiongeza magari kumi upande wa Kamanga, je, abiria aliye kwenye foleni ya Mwanza atawahi kufika? Hatawahi, na mchuuzi wa samaki wa pwani ile hahitaji kusomea kemia ili alijue hilo.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kloridi ya butili ya daraja la tatu ndani ya maji, mmenyuko wa aina ambayo Hughes na Ingold waliichambua London katika miaka ya 1930. Kloridi hutoka kwanza, polepole. Hubaki kaboni yenye chaji chanya. Kisha maji huiingilia haraka. Ukiongeza kiasi kidogo cha hidroksidi, ambayo ina hamu kubwa zaidi ya kuishika kaboni, kasi ya jumla haiongezeki, kwani umeongeza magari Kamanga. Ile kaboni yenye chaji ndiyo Kamanga yenyewe: mahali pa kushuka, japo si pa kukaa. Katikati ya ghuba, kwa upande mwingine, hapashukwi. Hapo ni hali ya mpito, ambayo hupitwa tu. Wanafunzi wengi huzichanganya hali hizi mbili, na istilahi kama "hali ya kati" huwazidishia utata, kwa sababu katikati ya maji nako ni kati.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Mmenyuko uliokwisha kuelezwa una masimulizi ya mfuatano, na Kiswahili kina kiambishi cha kazi hiyo: kloridi ikatoka, maji yakaingia, protoni ikang'oka. Mmenyuko wa bromidi ya methili na hidroksidi ni wa namna nyingine, wa hatua moja: hidroksidi inaingia kutoka upande wa nyuma huku bromidi ikitoka. Tofauti ya *-ka-* na *-ki-* ndiyo tofauti ya njia hizo mbili. (Neno "huku" lisiachwe, maana *-ki-* ikiwa peke yake huweza kusomeka kuwa ni ya masharti.) Mwanafunzi anayelazimika kuchagua kati ya viambishi hivi amelazimika kuamua ni hatua ngapi. Orodha ya istilahi haimlazimishi kuamua lolote.

Isidhaniwe kuwa Kiingereza kilizaliwa na maneno haya. Mwaka 1925 Arthur Lapworth alipendekeza istilahi zilizotofautisha vitendanishi kwa kuvifananisha na anioni na kationi. Mwaka 1933 Ingold akaleta nukleofili na elektrofili, na za Lapworth zikafifia. Wanakemia waligombania maneno kwa sababu waligombania maelezo.

Kiswahili nacho kina neno linalostahili ugomvi wa aina hiyo: kichocheo. Mchochezi wa ugomvi huharakisha mapigano na mwenyewe akatoka mzima, na kwa hilo neno limelenga vizuri, kwani kichocheo hakiishi katika mmenyuko. Lakini kuchochea pia hufikirisha kuongeza nguvu, na kichocheo hakimwongezei abiria nguvu. Humpa njia nyingine yenye kilele cha chini. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 2025, halikuisogeza Sengerema karibu wala halikuwatia abiria mbio. Lilifungua njia. Neno kichocheo limekwishazoeleka na halifai kufutwa. Fasili yake ndiyo inayopaswa kubeba mzigo ambao mzizi wake hauwezi kuubeba.

Itasemwa kwamba vitabu na mitihani ya kiwango hiki ni vya Kiingereza, hivyo zoezi hili ni kupoteza muda wa mwanafunzi. Nusu ya kwanza ni kweli, na anayemwambia mwanafunzi aviweke kando vitabu hivyo anampotosha. Nusu ya pili haifuati. Katika majuma ya maandalizi, kuandika aya moja ya Kiswahili kwa kila mmenyuko hufichua haraka kile ambacho mishale iliyonakiliwa kitabuni hukificha. Kwa idara za Kiswahili, kazi hiyo haihitaji sera mpya. Inahitaji mwanafunzi wao wa uzamili aketi meza moja na mwenzake wa kemia, awe tayari kuonekana mjinga, na aanze kwa kuuliza: hiki kinatoka kwanza, au kinatoka huku kingine kikiingia?