Tuanze Ofisini Mwetu

Tulikuwa tukiandaa ombi la kuwasilisha mahakamani kwa niaba ya wafanyakazi wa shamba moja la maua. Hoja yetu ilisimama juu ya Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mfanyakazi haki ya ujira unaostahili na mazingira mema ya kazi. Tuliandika kwa ufasaha, wala hatuoni haya kusema hivyo. Karani wetu aliketi akipiga chapa hadi saa tatu usiku. Kesho yake asubuhi aliweka nakala mezani, akasimama, akauliza kwa heshima: "Mawakili, na mkataba wangu mimi uko wapi?"

Alikuwa ametufanyia kazi miaka minne. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaamuru kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kwamba jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kanuni hiyo twaijua vyema. Tumewahi kuwabana nayo waajiri mbele ya hakimu. Yeye hakuwa na hata barua.

Laiti tungekiri papo hapo! Alipotoka tu, mmoja wetu aliuliza: "Amechochewa na nani?" Nasi wengine tukaguna kuafiki. Ilitupasa kutulia kidogo kabla ya kutambua tulikuwa tukisema lugha ya nani. Katika miaka ya chama kimoja, aliyelalamika aliitwa mchochezi, au kibaraka wa mabwana wa kigeni. Viongozi wa makanisa waliokemea kura ya mlolongo, iliyotumika mwaka 1988, hawakujibiwa hoja yao. Ilitafutwa mikono iliyowatuma. Sasa sisi, tuliojipatia heshima kwa kuulaani utawala ule, tulikuwa na swali lilo hilo kinywani, tena dhidi ya mtu aliyedai karatasi moja.

Ndugu zetu, jambo hili si geni katika harakati za mageuzi. FORD, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilidai uchaguzi huru kwa ujasiri usio na shaka. Mwaka 1992 ikapasuka, Mzee Oginga Odinga huku, Kenneth Matiba kule. Na mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha lilikuwa namna ya kumteua mgombea wao wenyewe: je, achaguliwe na wajumbe mkutanoni, au na wanachama wote moja kwa moja? Desemba ya mwaka huo Rais Moi alishinda kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya kura. Tumelihutubia kosa hilo katika semina zisizo na idadi, tukilihesabu kuwa la wazee. Hatukupata kuliingiza ofisini mwetu.

Basi tukafungua mafaili. Dereva na tarishi nao hawakuwa na mikataba. Likizo ya siku 21 kwa mwaka, ambayo ni haki ya kisheria, hakuna aliyewahi kuipata yote. Lililotuuma zaidi lilikuwa hili: mara mbili tuliwaita kazini siku ya Jumapili, nasi wenyewe tukaenda ibadani.

Wenzetu wa kamati za elimu ya uraia, na ninyi wazee wa kanisa, mlinzi wenu wa usiku anapumzika siku ngapi kwa juma? Sheria inamtengea walau moja katika kila saba. Mpishi wa semina zenu analipwa lini, siku ya kazi au siku wafadhili watakapokumbuka? Jibu twalijua, kwa kuwa tumelitoa sisi wenyewe: fedha ni haba, na kazi hii ni wito. Wenye shamba la maua walijitetea vivyo hivyo, ila wao hawakuthubutu kutaja wito.

Karani wetu alipewa rasimu ya mkataba siku ya Jumatatu. Aliisoma kwa siku mbili, akairudisha ikiwa na alama ya kalamu nyekundu palipoandikwa saa ya kutoka kazini. Tulirekebisha, akatia sahihi. Siku zake za likizo za nyuma bado tunadaiwa.