Tambiko la Mvua Lisidhihakiwe

Kila ifikapo Oktoba na Novemba, korosho zinapookotwa na mashamba ya chakula yanapofyekwa, wako wazee wa Nachingwea na Ruangwa ambao hukusanyika chini ya mti, humwaga unga wa mtama na kuwataja waliotangulia, wakiomba mvua ianze kwa heri. Wamwera, Wamakua na Wayao wanaijua sadaka hii. Huku kwetu Kusini msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Ukiharibika, njaa inabisha hodi.

Yapo maneno kwamba hayo ni mabaki ya ujinga, yapigwe marufuku. Hatukubaliani nayo. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tunajua fika kwamba dini yetu inakataza kumwomba asiyekuwa Mungu, na mwenye dini yake na aifuate. Lakini Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, na mzee wa tambiko hakutolewa humo.

Dharau hii si ngeni. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, walileta matrekta kabla ya kuijua ardhi na mvua yake. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Mkulima aliyemwaga unga chini ya mti alikuwa anayajua majira kuliko wao.

Nairuzi, sikukuu ya kale ya Waajemi ya kuingia majira ya kuchipua, ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa wenye asili hiyo hiyo husherehekewa kila Julai mchana kweupe. Je, kinachoheshimiwa Makunduchi kiwe aibu Ruangwa?

Hata hivyo, tambiko lisigeuzwe kodi. Unga utolewe kwa hiari. Asiyetaka asitozwe faini, wala asiitwe mchawi mvua ikichelewa. Wala mtu asikae kitako akingoja tambiko ndipo atayarishe shamba.

Nanyi ndugu viongozi wa vijiji, mnapogawa mashamba mapya ya mikorosho, miti ya matambiko iachwe isimame, na mipaka yake iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi kabla shoka halijafika.