Plagi kuingia si hoja

Wiki iliyopita nimeunguza servo, kile kimota kinachogeuza usukani wa ndege ya rimoti. Aliniachia mjomba. Plagi yake ya zamani ilikuwa imechoka, nikafunga mpya na kupanga waya vilevile kama zilivyokuwa. Ikaingia kwenye risiva bila shida. Moshi!

Kosa ni langu. Futaba, JR na Hitec wote huweka chanya katikati, ishara na hasi pembeni. Lakini si servo zote za zamani ziko hivyo: kwenye Airtronics za zamani, chanya na hasi zimebadilishana nafasi.

Wapo wanaosema servo kuukuu zitupwe. Sikubaliani nao. Tafuta kwanza maelezo ya mtengenezaji, kisha inua kile kilimi cha plastiki kwa sindano, chomoa pini, zipange upya. Hukati hata waya mmoja.

Sisi waandishi tunajua: habari kukaa vizuri ukurasani hakuifanyi iwe kweli. Nami nilisahau hilo nyumbani. Mnasemaje?