Miche haitoshi: mkulima wa viungo apewe uwezo wa kungoja

Serikali au shirika likitaka kuinua kilimo cha viungo, huanza na miche. Mikarafuu imegawiwa bure Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na kwenye milima ya Tanga na Morogoro wakulima wamehimizwa kupanda pilipili manga, mdalasini na vanila. Ni jambo jema, hasa Pemba ambako mikarafuu mingi imezeeka. Lakini kinachomfukarisha mkulima mdogo wa viungo si uchache wa miti. Ni kulazimika kuuza kabla mali haijakomaa.

Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, inaonyesha vizuri jambo hilo. Kwenye vijiji vya Usambara Mashariki pilipili manga hupanda juu ya miti ya kivuli, shamba moja na migomba, iliki na mdalasini. Huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne, na msimu wake mkuu ni mmoja kwa mwaka. Shida za nyumbani hazina msimu: sare na madaftari ya Januari, dawa, msiba, miezi ya njaa. Mchuuzi anazijua tarehe hizo. Anafika punje zikiwa changa, anatoa fedha taslimu, na tangu siku hiyo mavuno ni yake. Kagera, wakulima wa kahawa huita mtindo huo butura, na serikali imeupiga marufuku. Wakulima wa viungo nao wanastahili kulindwa kwa nguvu hiyo hiyo.

Hasara yake inahesabika. Takriban kilo tatu za pilipili mbichi hutoa kilo moja kavu. Tuchukue mfano kwamba kilo kavu inauzwa shilingi 9,000. Kilo mbichi iliyokomaa ingestahili karibu shilingi 3,000, ukiondoa gharama ya kukausha. Aliyepokea fedha mapema haioni bei hiyo, kwa sababu yake ilipangwa akiwa na mgonjwa ndani.

Hasara haiishii kwake. Mchuuzi anayehofia wizi huvuna mapema, na punje changa zikikauka huwa nyepesi. Soko la kimataifa hupima pilipili kwa uzito wa ujazo, na madaraja yanayotajwa sana ni gramu 500 na gramu 550 kwa lita. Mzigo usiofika hapo hukatwa bei. Ulioanikwa chini, ukaokota mchanga na kinyesi cha kuku, huweza kukataliwa kabisa.

Wapo wanaoamini kuwa dawa ni serikali kutangaza bei. Madagascar ilijaribu. Bei ya vanila ilipopita dola 500 kwa kilo mwaka 2018 kisha ikaporomoka, mwaka 2020 nchi hiyo iliweka dola 250 kwa kilo kuwa bei ya chini kabisa kwa mauzo ya nje. Wanunuzi wakasita, shehena zikalala, na mwaka 2023 masharti hayo yakaondolewa. Hatua nyingine, ambayo Uganda nayo huitumia, ina mantiki zaidi: kutangaza siku ya kuanza kuvuna. Maganda ya vanila huhitaji takriban miezi tisa kukomaa, na siku moja inayojulikana na wote humwondolea mwizi na mlanguzi sababu ya kuwahi.

Zanzibar nayo ina la kufundisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkulima wa karafuu alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na magendo ya kwenda Kenya yakashamiri. Baadaye serikali iliahidi kumlipa asilimia 80 ya bei hiyo kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Kaya ya Pemba inayochuma, kuchambua na kuanika karafuu zake kwenye majamvi hupeleka kituoni mali kavu, ikijua bei kabla ya kutoka nyumbani. Mkulima wa pilipili wa Muheza anayeuza punje zikiwa mtini hana hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kinachotakiwa bara ni uwezo wa kungoja, na sheria yake ipo. Sheria ya stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima huweka mali ghalani na kupewa hati yake hadi iuzwe, ilipitishwa mwaka 2005, na korosho zimeuzwa kwa mfumo huo tangu 2007. Wakulima wa korosho wamelalamikia malipo yanayochelewa, na malalamiko hayo yasipuuzwe: kwa viungo, malipo ya awali yatoke siku mzigo unapoingia ghalani, la sivyo mchuuzi ataendelea kushinda. Chama cha ushirika nacho kitoe mikopo midogo miezi michache kabla ya mavuno, kipindi ambacho shamba huwekwa rehani.

Fedha za kuanzia zinaweza kutoka halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara, uliopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, hutozwa kwa thamani ya mzigo. Pilipili kavu na nzito huiongezea halmashauri mapato. Halmashauri za Muheza na Morogoro zitenge sehemu ya ushuru huo katika bajeti ijayo kwa ajili ya vichanja vya kuanikia, maturubai, mizani na ghala moja katika kila kata inayolima viungo, kisha zitangaze siku ya kuanza kuvuna.