Gia Ngumu na Klachi Isiyoachia
Katika barabara ya Morogoro hadi Dodoma, ambayo hupita Magole wilayani Kilosa na ambako malori hupunguza mwendo kila yanapofika penye makazi ya watu, gia inapogoma kuingia lawama huangukia giaboksi kabla klachi, yaani kifaa kinachoitenganisha injini na giaboksi pedeli inapokanyagwa, haijachunguzwa. Kipimo cha kwanza hakina gharama: gia zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, ilhali hugoma inaponguruma, basi klachi haiachii kikamilifu, na katika mfumo unaotumia majimaji chanzo mara nyingi huwa upepo ulioingia ndani au silinda inayovuja, kasoro inayotibiwa kwa kubadili kilichochakaa, kujaza mafuta ya breki ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji, kisha kutoa upepo wote; kuongeza mafuta tu, kama wengi wafanyavyo, ni kuahirisha gharama. Ugumu ukibaki hata injini ikizimwa, ukaguzi huhamia kwenye kebo na viungo vya mkono wa gia. Na gia moja pekee ikikwaruza, hushukiwa sinkronaiza, pete inayosawazisha mwendo wa gia na wa shafti kabla havijashikana, ambayo kwa kawaida haibadilishwi bila giaboksi kushushwa.