Mbwa anayeenda kambi apate sindano kwanza

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki na lupangu,

Mvua ikikatika mwezi wa tano, kutoka Kolwezi mpaka Fungurume na Kambove, vijana wanafunga mizigo ya kuenda kariera: bashi, sufuria, unga, bidoni ya maji, na mbwa. Kambini mbwa njo mulinzi wa magunia usiku, mchana ni rafiki wa watoto, tena haombi mushahara. Sina neno juu ya hiyo. Neno langu ni kwamba tunamupeleka mahali pasipo munganga wa nyama, anachanganyika na mbwa wengine wasiojulikana wametoka wapi, na hajapata sindano hata moja.

Magonjwa madogo, kule kila mutu ni munganga. Mbwa ana kupe, wanamupaka mafuta ya motere yaliyokwisha kutumika. Anakataa kula, wanamupa ibuprofen ya mutu. Acheni hiyo. Mafuta yale atayalamba, na kidonge kile kinaweza kumutoboa tumbo na kumuharibia figo. Kupe utoe mmoja mmoja, umukamate karibu na ngozi, umuvute polepole, usimuponde kwa vidole. Akikatwa na chupa, maji mengi na sabuni, kitambaa safi, abaki chini ya bashi. Akihemahema katika jua la saa nane, kivuli, maji ya kunywa, na mengine ya kumumwangia mwilini. Hayo yote mutu anaweza peke yake.

Kichaa cha mbwa, kile watu wa lupitalo wanaita « rage », hapana. Ugonjwa huu uko katika mate. Mbwa mupole anauma bila sababu, ao mukali anajificha gizani. Sauti inageuka, anatembea kama mulevi. Mwingine hana ukali hata kidogo: mudomo unabaki wazi, mate yanatoka, hawezi kumeza. Watu wanasema « eko na mufupa mu koo », na mutu anaingiza mukono ili autoe. Musiingize mukono!

Akimuuma mutu, ao akimulamba penye kidonda, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Jiwe nyeusi, petroli, majani, hapana. Halafu mupande pikipiki siku ile ile mukatafute chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Usingoje kuona kama utaugua. Ugonjwa unaweza kulala mwilini miezi miwili, mitatu, na siku dalili zinapoonekana karibu hakuna anayepona. Mbwa naye, kama inawezekana bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10. Munganga atauliza habari zake.

Sasa, wengi wanaoumwa ni watoto. Na kambini watoto wako, tusidanganyane, ijapokuwa sheria inakataza. Nimeona kituo cha afya karibu na kariera moja: frigo ilikuwa pale, lakini bila umeme, na chanjo inataka baridi ya digri 2 mpaka 8. Mama anaambiwa aende mjini. Kwa makuta gani? Chanjo ya mutu ni sindano nyingi, kwa siku mbalimbali. Ya mbwa ni moja tu kwa kuanza, kuanzia miezi mitatu ya umri, ya kurudilia kadiri munganga wa nyama anavyopanga. Ni bei ndogo zaidi. Apewe mwezi mmoja kabla ya safari, ili mwili upate nguvu.

Wakubwa fulani wanapenda njia fupi: kupiga risasi mbwa wote wa site. Ninakataa, na si kwa huruma tu. Ukiua mbwa, wengine wasiochanjwa wanaingia, na wenye mbwa wanaficha wao. Kinachosimamisha kichaa ni kuchanja mbwa saba kati ya kumi.

Makuta yako. Koperative zinakata kwa kila gunia. Basi zilete munganga wa nyama na sanduku lake la barafu mara moja kwa mwaka. Pale mulangoni wanapouliza karte ya mchimbaji, waulize pia karne ya mbwa. Na kampuni kubwa, Code minier ya 2018 inazitaka zitoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Wanapokaa kuchagua miradi, wanasema shule na visima, vizuri. Frigo ya sola na chanjo ya kichaa viandikwe pia.

Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa. Delege wa kila kambi ahesabu mbwa walio kwake, wenye karne na wasio nayo, atuletee karatasi ile sendika mbele ya siku hiyo. Tutaingia nayo katika mukutano na koperative.