Meli hadi Uganda: Pasipoti kwanza, au hati ya dharura?

Mchimbaji wa Geita akipanda meli Mwanza kwenda Bukoba, kitambulisho kinatosha. Hajatoka nchini. Ila MV Mwanza, meli ya abiria 1,200, ilijengwa ikilenga pia Port Bell na Kisumu, na huko mambo ni mengine. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo kwenye mpango huo.

Pasipoti ni Sh150,000 kwa miaka 10, yaani Sh15,000 kwa mwaka. Hati ya dharura ni nafuu zaidi, na kwa matembezi ya mara moja Kampala inatosha kabisa. Anayefuata mzigo kila mara achukue pasipoti tu.

Lakini kinachokwamisha si hela. Maombi yanadai namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi. Kwa aliyezaliwa nyumbani, kijijini Msalala au Nyang'hwale, na wazazi hawana cheti chochote, hapo ndipo wiki zinakatika. Huyo aanze kushughulikia cheti cha RITA sasa hivi, hata kama tarehe ya safari bado hajaijua.